Yule Aliyesikia wa Kwanza

Mpendwa yaya Zuena,

Barua zako zote nilikusomea mimi. Ya mjomba kutoka Kasongo, za yule mchumba wa Punia aliyejitia mshairi, hata karatasi za ushuru wa soko. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda, mikono bado ina mafuta ya mawese, unaniambia, "Soma polepole, Sefu. Usiruke." Nami nilikuwa naruka, hasa kwa yule mchumba. Leo nakuandikia wewe, dada yangu mkubwa, uliyenilea tangu mama alipofariki na kuuza karanga mpaka mimi nikajua kusoma, na hakuna wa kukusomea. Nilifundisha watoto wa Kindu nzima miaka yote ile, wewe sikukufundisha hata kuandika jina lako. Kwa hiyo barua hii nimeiacha wazi. Atakayeiokota na aisome, na asiruke mahali.

Nianze na karanga, maana kwako ndiko zilikotoka.

Unakumbuka nilikuwa nafundisha sehemu ya biashara, madarasa mawili ya mwisho ya sekondari, katika lile jengo la matofali mekundu ambalo madirisha yake hayakuwahi kuona kioo. Kila asubuhi, kabla ya kushika chaki, tulipandisha bendera, tukaimba na kukichezea ngoma chama tawala, mimi na abakosti yangu ya pekee, lile koti la wakati ule lisilo na tai, kisha tukaingia darasani migongo imelowa jasho. Halafu nikaanza: benki ni nini. Wanafunzi wangu wengi hawakuwahi kuingia benki. Walilijua jengo tu, lile lenye mlango wa chuma kwenye barabara ya kwenda mtoni, kwa sababu baraza yake ilikuwa na kivuli kizuri. Nilipowaambia kwamba benki haiweki pesa za watu pale pale ilipozipokea, kwamba inazikopesha kwa wengine, walinitazama kama mtu anayemsengenya mwizi mbele ya mkewe.

Ndipo nikabuni mchezo. Kila mwanafunzi anapewa karanga kumi, anazipeleka benki. Benki ni meza yangu, na nyuma yake amekaa mmoja wao, amevaa miwani yangu ili aheshimike. Anaandika kwenye karatasi: fulani ameweka karanga kumi. Kisha wanakuja wakopaji: huyu wa mpunga, huyu wa baiskeli, huyu anataka kupeleka samaki wakavu kwa treni. Bakuli linabaki na karanga chache, na darasa lote limetulia kwa sababu kila mtu ana karatasi yake mfukoni. Hapo mimi natembea kati ya madawati, nainama kwenye sikio la mmoja, namnong'oneza: karanga zimeisha benki. Halafu naenda kusimama ukutani.

Yule wa kwanza huwa haendi mbio. Anainuka kama anayekwenda kujinyoosha, anachukua karanga zake kumi, anarudi kukaa, macho chini. Wa pili anamwona. Wa tatu anamwona wa pili. Kabla sijamaliza kufuta ubao, darasa zima liko juu ya meza yangu, miwani imeanguka, yule wa benki anapiga kelele kwamba amechunwa mkono, na waliochelewa wamebaki na vikaratasi. Nikishawatuliza, nilikuwa naandika kwa herufi kubwa kwamba benki huuawa na uvumi. Inspekta alilipenda sana somo hilo. Miaka ile uvumi ulikuwa kosa kubwa kuliko njaa, na mwalimu wa kuukemea kwa karanga alikuwa hajapata kumwona.

Migogoro ya benki iliyokuwa kitabuni yote ilikuwa ya ng'ambo. Kulikuwa na picha ya Wazungu kwenye foleni, makofia kichwani, nyuso ndefu. Siku inspekta alipokuwa amekaa dawati la nyuma, msichana mmoja aliinua mkono, akaniita mwananchi kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa, akauliza, "Na kwetu, citoyen prof, inaweza kufika?" Nikajibu kwamba kwetu haiwezi. Sikujua kama ni kweli au si kweli. Nilijua tu nani amekaa nyuma.

Karanga za mchezo ulikuwa unanipa wewe. Ulikuwa unavuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli alfajiri, beseni la karanga kichwani na dumu la mawese mkononi, na mara moja kwa mwaka ulipitia shuleni kunipimia kikombe kimoja, wakati mwingine viwili, ukilalamika kwamba nawafundisha watoto wa watu kula darasani. Mwaka mmoja hukuondoka. Uliweka beseni chini, ukaegemeza mikono dirishani, ukatazama mchezo wote tangu mwanzo. Ulicheka mpaka ukafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Wanafunzi walikuona, wakazidisha vituko kwa ajili yako.

Mchana nilikusindikiza mpaka kwenye mitumbwi. Ulikuwa umeacha kucheka.

"Ule mutoto wa kwanza," ukasema. "Wa mwanzo kabisa. Alisikia wapi?"

"Mimi njo nilimwambia, yaya. Uliniona."

"Nilikuona. Nasema kwa benki ya kweli. Ule wa kwanza anasikia wapi?"

Nikakumwagia somo zima. Nikakuambia uvumi ni kitu kinachojizalia chenyewe, hakina baba, na wataalamu wa Ulaya wamelichunguza jambo hilo. Ulinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama ulivyokuwa ukimsikiliza padre. Kisha ukapanda mtumbwi, ukaweka beseni magotini.

"Aya, Prof. Lakini iko muntu alimwambia."

Nilirudi nyumbani nacheka. Nilimsimulia mke wangu kwamba dada yangu angekuwa inspekta mzuri.

Sasa nije kwenye mashine, na hapa sitaruka, ingawa ningependa.

Ninyi wanawake tisa wa mawese na karanga mlikuwa na likelemba yenu. Kila wiki kila mmoja anatoa fungu lake, na jumla yote anaondoka nayo mmoja wenu siku ile ile, wiki inayofuata mwingine, mpaka zamu imzungukie kila mtu. Kwa pesa hizo mlilipa karo, mlizika watu, mlinunua sufuria. Hazikuwa na sanduku wala mtunzaji, maana hazikukaa. Nikaja mimi, mwalimu mwenye chaki kwenye mikono ya abakosti, nikawaambia mnajizungusha tu. Nikasema mkiziweka benki mwaka mmoja bila kugusa, mtanunua mashine ya kukoboa mpunga, ninyi ambao mmetwanga tangu utoto mpaka viganja vimekuwa ganda. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alikuwa nayo dukani kwake, imefunikwa turubai. Niliwapeleka kuiona. Mliizunguka, na Mama Mwamini, yule mjane mwenyekiti wenu, akaligusa gurudumu lake kwa kidole kimoja akakirudisha haraka.

Lakini ni yeye huyo huyo aliyekataa.

"Feza yetu haijalala hata siku moja," akasema. "Leo njo tukailaze kwa watu hatuwajue?"

Wengine wakaanza kuguna pamoja naye. Nilikuwa tayari kutoa hotuba nyingine, ukanizuia kwa mkono. Ukasema maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo, hata nikiwa nanyoa ndevu.

"Mudogo wangu njo anafundisha mambo ya benki. Kama ingekuwa mubaya, angejua."

Hayo tu. Wakakubali, kwa sababu Zuena hakuwa mtu wa kusema ovyo, na kwa sababu mtu aliyenisomesha kwa vikombe vya karanga alikuwa na haki ya kujivunia. Wiki iliyofuata nilikuongoza mpaka dirisha la benki, ukatia kidole gumba kwenye wino wa zambarau. Ulikaa na alama ile kwenye kidole siku tatu, ukijifanya haitoki. Kila Ijumaa baada ya hapo ulipeleka pesa za wote, zimefungwa kwenye kitambaa safi, kisha mkapita dukani kuitazama mashine. Yule wa Butembo alikuwa anawatania kwamba mtaimaliza kwa macho kabla ya kuilipa.

Mwaka ulikuwa umebaki kidogo kutimia ilipofika ile Jumamosi ya salongo.

Wasomaji vijana huenda hawajui: Jumamosi asubuhi sote tulitoka na mapanga na majembe kufyeka majani ya barabarani kwa amri, mwalimu, karani, muuza duka, hakuna mkubwa. Kando yangu alikuwa Amisi. Unamkumbuka Amisi, mwanafunzi wangu wa miaka ya mwanzo, mwembamba, aliyepata kazi ya kukaa dirishani kwenye benki ile na ambaye ndiye aliyekushika mkono siku ya wino. Tulifyeka muda mrefu. Kisha akasogea, akainama kama anayeng'oa kisiki.

"Prof. Ndege ya feza haikuje kutoka Kinshasa, na haitakuja karibuni. Yako toa Jumatatu, mapema. Wale wa mbele watapata. Wa nyuma, hapana." Akafyeka mara mbili tatu. "Usiseme kwa muntu. Watanifunga."

Jumapili yote ulikuwa ng'ambo ya mto, kilomita hata mbili hazifiki. Ningeweza kuvuka. Nilikaa nyumbani nikisahihisha madaftari, na ujinga wenyewe ni kwamba yalikuwa madaftari ya somo la benki. Nilikuwa na sababu nzuri tele. Amisi angefungwa. Mimi ningefungwa naye kwa kueneza uvumi, mwalimu wa kuukemea uvumi. Kukwambia wewe kulikuwa ni kuwaambia wanawake tisa, na kuwaambia wanawake tisa ni kulitangazia soko zima kabla ya saa nne. Wote wangekimbilia benki, na benki ingekufa siku hiyo hiyo, kama nilivyokuwa nikiandika ubaoni. Nilizipanga sababu hizo vizuri sana. Yaya, niliogopa. Niliogopa jela, na niliogopa kwamba mbele yangu dirishani kungekuwa na watu wengi.

Jumatatu kabla ya bendera nilikuwa kwenye mlango wa pembeni. Amisi alinifungulia mwenyewe. Nilitoa kila kilichokuwemo, akiba ya miaka yangu yote ya ualimu, nikazitia noti kwenye mfuko wa shule chini ya madaftari. Niliondoka kwa mwendo wa kawaida, macho chini, nikafika kwa wakati kuimba na wenzangu.

Ulikuja saa nne kamili. Hukuwa na beseni. Ulisimama pale pale dirishani uliposimama siku ya mchezo, na mimi nilikuwa nimesimama upande wa ndani, mfuko mkononi, kwa sababu tangu asubuhi sikuuweka chini hata kuandika tarehe.

"Sefu. Kwa soko wanasema feza imekwisha kwa benki. Njo kweli?"

"Uvumi, yaya."

"Mama Mwamini anasema tutoe yetu leo."

"Mukitoa leo mutaiua. Umesahau karanga?"

Darasa likacheka. Nawe ukatabasamu kidogo, kwa ajili yao. Kisha ukanitazama usoni, si machoni, mahali fulani kwenye paji, kama ulivyokuwa unatazama nilipokuwa mtoto kujua kama nina homa.

"Na yako? Iko mule?"

"Iko mule."

"Aya," ukasema. "Kama yako iko mule, na yetu itabaki."

Ukaenda zako. Mimi nikaendelea na somo, na sikumbuki lilikuwa la nini.

Ningeweza kunyamaza tu, wewe ungeelewa. Ningeweza kutoka nje nikukanyage mguu, kama tulivyokanyagana utotoni wageni walipokuwa wanadanganya, na usingehitaji neno la pili. Mlango ulikuwa hatua sita. Amisi aliniambia baadaye kwamba siku ile walilipa watu mpaka saa nane mchana. Alisema za kwenu zingetosha, alikuwa amezitenga kichwani mwake, akawa anatazama mlango kila unapofunguliwa. Hakuthubutu kuwaita. Alidhani nimewaambia, na kwamba mmeamua wenyewe.

Jumanne kulikuwa na karatasi kwenye mlango wa chuma na mwanajeshi mmoja amekaa kwenye kile kivuli. Mlikwenda ninyi tisa, mkasimama. Mlirudi siku ya pili, na wiki ya pili. Mliambiwa pesa zenu zipo, hazijapotea, ziko kwenye kitabu. Na zilikuwepo kweli. Miezi ikapita, chumvi ikapanda, mafuta ya taa yakapanda, yule wa Butembo akaitoa mashine dukani akaipeleka Lubutu kwa mtu mwenye dhahabu. Walipofungua dirisha na kuwalipa, mlipewa zote bila kupunguzwa, na kila mmoja wenu akapata za kununua mche wa sabuni na chumvi kidogo. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo pia, lilikuwa sura ya mbele kidogo kwenye kitabu. Mwanafunzi wangu yeyote angelieleza kwa ufasaha.

Hakuna aliyekutukana. Lakini ni neno lako walilolifuata, ukalichukulia kuwa deni. Uliuza mahali pako sokoni, pale karibu na mlango ambapo ulikuwa umekaa tangu mimi niko shule ya msingi. Uliuza vitenge viwili ulivyokuwa umeviweka kwa ajili ya harusi ya mwanangu. Ukamgawia kila mmoja kidogo kidogo, kisha ukapanda lori la Kampene kwenda kuwapikia wachimbaji wali na maharagwe. Nilikusindikiza. Ulinipa karanga kwenye koni ya gazeti, mimi mwalimu mzima, mbele ya watu. Nikasema, "Yaya, baki." Ukasema, "Nibakie nini?" bila uchungu, kama mtu anayeuliza saa.

Na mimi nikajenga. Mvua za mwaka ule zilinikuta nimeondoa majani ya ndele juu ya nyumba yangu na kupiga mabati, nyumba nzima, hata jikoni. Mwalimu ambaye serikali haijamlipa kwa miezi. Majirani walisema kweli yule anajua mambo ya biashara.

Ulikuja mara moja tu baada ya hapo, kwenye harusi ile ambayo haikuona vitenge vyako. Ulikuwa umekonda, umekatika nywele mbele kwa sababu ya moshi. Mvua kubwa ilianza mchana tukiwa tunakunywa chai, ikapiga mabati hata hatukusikiana. Uliinua kichwa. Ulitazama juu polepole, bati baada ya bati, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, kama unayasoma. Mvua ilipopungua ukauliza.

"Ya mwaka gani haya?"

"Ya ule mwaka."

Ukanywa chai yako.

"Mvua haiingie?"

"Haiingie."

"Aya. Njo vizuri."

Nilingoja siku nzima useme jingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako, hata nilikuwa naitaka. Asubuhi yake, lori likiwa limewaka, ulinishika mkono ukaniambia niwe nafunga dirisha la nyuma kukiwa na upepo, la sivyo utainua mabati. Hayo ndiyo ya mwisho uliyoniambia. Homa ilikuchukua Kampene kabla ya mwaka kuisha, na dereva wa lori aliyeleta habari alifika ukiwa umeshazikwa.

Tulikaa matanga kwangu, chini ya mabati yale. Wenzako nane walivuka mto, wakaja na mawese na mpunga walioutwanga wenyewe. Siku ya tatu Mama Mwamini alikaa kando yangu. Nilijua linakuja, nikainamisha kichwa.

"Prof, wakati ule tulitaka kukulaani," akasema. "Mimi nilitaka zaidi. Lakini Zuena alituambia na yako ilibaki mule. Alituambia, mudogo wangu amepoteza yote, amelia mbele yangu. Njo maana tulikuachia."

Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Nilikula. Nililimaliza tonge lile, nikachukua jingine, na Mama Mwamini akanipiga begani mara mbili akisema pole.

Sijui ulijua lini. Labda kabla ya lori la Kampene, mabati yakakuthibitishia tu. Labda pale pale dirishani, ulipolitazama paji langu na kuona homa, ukaamua kutokuniaibisha mbele ya wanafunzi wangu. Jambo hili la pili ndilo linaloniamsha. Kwa sababu kama ulijua palepale, basi ulikuwa bado na muda wa kwenda kutoa pesa zenu, na hukwenda. Nimelizungusha sana jambo hili, nikaona haliwezekani, wewe usingewafanyia wenzako hivyo kwa ajili yangu. Wewe uliniamini tu, ndilo lililo rahisi, na ndilo lililo baya zaidi kwangu. Halafu baadaye, ulipoacha kuniamini, ukanidanganyia.

Tangu mwaka ule sikucheza tena mchezo wa karanga. Nilikuwa naisomesha sura ile kwa kuamuru tu, waandike, wanyamaze, waendelee. Nchi ikabadilisha jina, chama kikaenda, benki ile ikafunga kabisa, kwenye baraza yake sasa wanachaji simu. Nikastaafu. Mwaka huu shule iliniita nikazungumze na darasa la mwisho juu ya benki, kwa sababu sasa ziko tena, na watoto hawa wanazijua kupitia simu za mama zao. Nikasema ndiyo. Nikapita sokoni, karibu na mlango, pale mahali pako, nikanunua vikombe viwili.

Walicheza vizuri. Yule wa kwanza, niliyemnong'oneza, alikwenda taratibu na kurudi macho chini, vile vile kabisa. Darasa likapanda juu ya meza. Wakacheka, nikawatuliza, nikaandika ubaoni, kisha nikasema, nani ana swali. Nilikuwa nimevaa shati safi kwa ajili ya swali lile lako, la yule wa kwanza alisikia wapi, yaya. Nilikuwa nimeamua. Waliuliza habari ya riba. Waliuliza kama benki ikifungwa wafanyakazi wake wanalipwa. Nikatazama hadi madawati ya nyuma, nikatazama hata dirishani. Hakuna aliyeuliza. Kengele ikalia, wakagawana karanga, wakala.

Basi nakujibu wewe, maana ni wewe uliyeuliza.

Alisikia kwenye salongo, panga mkononi, kutoka kwa mwanafunzi wake aliyempenda. Alikuwa na siku nzima na usiku wake wa kuvuka mto, hakuvuka. Na yangu haikuwa mule, yaya. Ilikuwa mkononi mwangu, kwenye mfuko, chini ya madaftari, na kati yako na mfuko ule kulikuwa na upana wa ukuta tu.

Mama Mwamini bado yuko hai, huko Alunguli. Macho yamemwacha, na kusoma hakuwahi kujua. Kesho asubuhi navuka kwa mtumbwi wa kwanza na barua hii. Nitakaa chini, nimsomee yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, polepole, bila kuruka.

Pumzika, yaya. Dirisha la nyuma huwa nalifunga.

Ni mimi, mdogo wako.